SINEMA NA FAMILIA: Mchumba wa Dakika Moja

  Kama kawaida, ukurasa huu unachukua sinema moja, tunaitazama pamoja na vijana, kisha tunawaletea nyumbani ile sehemu inayotuhusu sisi. Kama hamjaiona msijali, tutaisimulia.

Safari hii tumechagua sinema ya mapenzi na vichekesho inayoitwa Bend It Like Beckham. Ni ya zamani kidogo, ilitoka Uingereza mwaka 2002, lakini vijana bado wanahamishiana kwenye simu kwa sababu ina mpira. Wasichana wanaipenda zaidi kwa kuwa anayecheza huo mpira ni msichana. Sisi tumeichagua kwa sababu nyingine. Karibu na mwisho kuna uchumba wa uongo unaodumu dakika moja tu, na tunafikiri dakika hiyo inafaa kuzungumzwa katika kila nyumba ya kambi hii.

HADITHI YENYEWE

Jesminder, ambaye wenzake wanamwita Jess, ana miaka 18. Wazazi wake ni Wahindi wa dini ya Sikh, asili yao Punjab, na wanaishi Hounslow, magharibi mwa London, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Baba anafanya kazi huko huko uwanja wa ndege. Sebuleni wametundika picha kubwa ya Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao, na mama akiwa na shida huiambia picha ile mambo yake. Chumbani kwa Jess picha iliyoko ukutani ni ya David Beckham, na Jess naye akiwa na shida huongea na Beckham. Hapo tu watu wanaanza kucheka.

Mama ana mpango wake. Jess amalize shule, asome sheria, ajue kupika chakula cha kwao, halafu aolewe na kijana wa Kihindi wa familia nzuri. Anamlalamikia kwamba hakuna familia itakayotaka mkwe anayejua kupiga mpira siku nzima na hajui kusukuma chapati ikawa duara. Akina mama wa hapa mtamwelewa bila kutafsiriwa. Badilisheni chapati mweke ugali au isombe, maneno ni yale yale.

Siku moja msichana wa Kizungu, Jules, akamwona Jess akicheza na wavulana bustanini. Akamwalika kwenye timu yao ya wasichana, Hounslow Harriers. Nyumbani wakasema hapana, hatutaki kukuona unakimbia nusu uchi mbele za watu. Jess akaendelea kwa siri. Ukatungwa uongo: eti Jess amepata kazi dukani. Basi kila akitoka kwenda mazoezini, nyumbani wanajua yuko kazini.

Uongo mmoja haukai peke yake. Wakwe watarajiwa wa Pinky wakapita kituo cha basi, wakamwona Jess amekumbatiana na mtu mwenye nywele fupi. Wakadhani ni mvulana wa Kizungu. Kumbe alikuwa Jules! Wakaenda kwa wazazi, uchumba wa Pinky ukavunjika siku hiyo hiyo. Yaani dada mkubwa akaachwa kwa jambo ambalo halikutokea, kwa sababu jicho la jirani lilipita mbali na mdomo ukawahi kufika. Baadaye mambo yakatengenezwa na harusi ikapangwa upya.

Sasa tarehe ya harusi ya Pinky ikaangukia siku ya fainali ya timu. Jess amevaa sari, amekaa katikati ya sherehe, sura imekunjamana. Rafiki yake Tony, kijana wa Kihindi wa mtaani kwao, akajitolea kumpeleka uwanjani na kumrudisha. Baba akamtazama binti yake, akamwambia nenda. Jess akaingia kipindi cha pili, wakapata mpira wa adhabu. Alipotazama mbele, badala ya ukuta wa wachezaji akaona shangazi zake na mama yake wamesimama mstari mmoja na masari yao, wamemzibia goli. Akaupinda mpira ukawapita. Wakashinda. Na pale pembeni alikuwepo mtu kutoka Marekani anayetafuta vipaji, akawapa Jess na Jules nafasi ya kusoma na kucheza katika chuo cha Santa Clara, California, kwa ufadhili.

DAKIKA MOJA

Hapa ndipo tunapotaka mtulie. Baada ya harusi, jamaa bado wamejaa nyumbani. Jess anatakiwa kuwaambia wazazi kwamba anataka kwenda Marekani kucheza mpira. Neno limemkwama kooni. Tony akaona rafiki yake anateseka, akasimama mbele ya wote akatangaza kwamba yeye na Jess wanataka kuchumbiana. Ila kwa sharti moja: Jess aende kwanza kusoma chuo popote anapotaka.

Nyumba ikajaa furaha. Kumbuka kwamba Tony hana mpango wa kuoa msichana yeyote, na Jess anaijua siri hiyo. Uchumba ule ulikuwa wa uongo tangu neno la kwanza.

Lakini tazama jinsi ulivyokuwa uongo mzuri! Mama amepata mkwe wa Kihindi anayemjua tangu utoto. Shangazi wamepata harusi nyingine. Jess amepata chuo. Tony amepata kinga dhidi ya maswali. Kila mtu pale ndani angelala vizuri usiku ule. Ndiyo maana uongo wa namna hii ni wa hatari kuliko mwingine, maana hakuna hata mtu mmoja mwenye sababu ya kuukataa. Deni lake linakuja baadaye, siku wazee watakapouliza tarehe.

Jess akaukataa. Akasema pale pale kwamba Tony anadanganya. Akaeleza kila kitu: kwamba siku ya harusi alitoka kwenda kucheza fainali, kwamba baba alimruhusu, kwamba amepata ufadhili, na kwamba hataki tena kuwadanganya. Mama akamgeukia baba kwa hasira. Na hapo baba akafungua moyo.

BABA NA NAIROBI

Wengine wenu mtashangaa kusikia kwamba familia hii ilipitia huku kwetu Afrika Mashariki. Baba yake Jess alikuwa kijana Nairobi, na alikuwa mrushaji hodari wa mpira wa kriketi. Alipofika Uingereza alitaka kuendelea kucheza, lakini klabu za Waingereza zikamcheka kilemba chake na kumfukuza. Aliumia, akanyamaza, akaapa hatacheza tena. Ndiyo sababu alimkataza binti yake mpira. Hakuwa anauchukia mpira. Alikuwa anaogopa binti yake asije akafukuzwa kama yeye. Mbele ya jamaa wote akasema kwamba kwa kiapo kile aliyeumia ni yeye mwenyewe, na hataki Jess aumie vile vile. Akamruhusu aende.

Aliyeongoza sinema hii, Gurinder Chadha, mwenyewe alizaliwa Nairobi mwaka 1960, akapelekwa London akiwa mtoto mdogo. Hadithi hii haikutoka hewani. Wahindi wengi walifika huku wakati wa kujenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, kati ya 1896 na 1901. Zaidi ya wafanyakazi 30,000 waliletwa kutoka India, wengi wao Punjab. Wengi walirudi kwao, wengine wakabaki, na wengine wakaja baadaye kama wafanyabiashara, makarani na mafundi. Baada ya uhuru mambo yakabadilika. Mwaka 1968 Wahindi wengi wa Kenya walikimbilia Uingereza kabla mlango haujafungwa kwa sheria mpya. Na hapa Uganda, Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Maelfu kwa maelfu walipita uwanja wa Entebbe na masanduku machache, wakaacha nyumba, maduka na viwanda. Kuanzia miaka ya 1980 na 1990 baadhi yao walirudi, na ndiyo maana leo ukienda Kampala au Jinja unakuta tena maduka yao.

Kuna sinema nyingine inayoanza na siku hizo, Mississippi Masala ya mwaka 1991, iliyoongozwa na Mira Nair. Familia ya Kihindi inafukuzwa Kampala mwaka 1972, wanapitia Uingereza na mwisho wanafika Mississippi, Marekani, wanaishi katika hoteli ndogo ya barabarani. Baba alikuwa mwanasheria Uganda. Miaka mingi baadaye bado anaandika barua za kudai nyumba yake. Binti yake, Mina, anampenda kijana Mmarekani mweusi anayefanya kazi ya kusafisha mazulia, na jamaa zao wanapojua, inakuwa vita. Baba amekaa anaitazama Kampala aliyoiacha. Binti anataka kuishi pale alipo. Nani kati yetu hapa kambini hana baba au mama wa namna hiyo?

Tunayaeleza haya ili vijana waelewe jambo moja. Mzazi aliyepoteza nchi hushika sana vile vitu vichache vilivyobaki mkononi: lugha, dini, chakula, na ndoa za watoto. Nyumba ilichomwa au ilichukuliwa, ng'ombe wameliwa, shamba analima mtu mwingine. Ndoa ya mtoto ndiyo siku pekee ambayo ukoo utakaa tena pamoja na wazee watasema maneno yao. Kwa hiyo mama anapouliza "lini?", mara nyingi anauliza kama bado sisi ni watu. Swali lake ni kubwa kuliko huyo mchumba.

NA WALE WALIOUKUBALI UONGO

Jess alikataa uchumba wa uongo baada ya dakika moja. Je, angeukubali? Sinema nyingine, Wedding Season, ya mwaka 2022, inatuonyesha. Asha na Ravi ni watoto wa wahamiaji wa Kihindi huko New Jersey, Marekani. Kila wiki kuna harusi, na kila harusi akina mama wanawauliza wao lini. Wamechoka. Basi wakakubaliana wajifanye wapenzi msimu wote wa harusi, ili waachwe wapumue. Mnajua mwisho wake, ni sinema ya mapenzi: kujifanya kukageuka kupendana kweli. Lakini katikati pana machozi, maana uongo uliojengwa juu ya uongo ulianza kuanguka.

Kilichotugusa sisi ni kwamba wa kwanza kudanganya walikuwa wazazi. Wahindi wana desturi ya karatasi ya maelezo ya mchumba, wanaiita biodata: umri, elimu, kazi, urefu, ukoo. Zamani ilipita kwa mshenga na kwa matangazo ya magazeti ya Jumapili, siku hizi inapita kwenye intaneti. Mama yake Asha aliandika maelezo ya binti yake bila binti kujua. Wazazi wa Ravi nao waliandika kwamba kijana wao amesoma chuo kikubwa cha MIT. Kumbe aliacha chuo, na kazi yake ni kupiga muziki kwenye sherehe! Hawakuandika hivyo kwa ubaya. Waliona haya mbele ya Wahindi wenzao. Basi wazazi wanadanganya kwa haya, watoto wanadanganya kwa kuchoka, na wote wanapendana.

Msiseme ni mambo ya sinema tu. Kuna filamu ya maisha ya kweli, Meet the Patels ya mwaka 2014, ambayo mwigizaji Ravi Patel na dada yake Geeta walirekodi familia yao wenyewe huko Marekani. Ravi alikuwa na mpenzi wa Kimarekani kwa miaka miwili na wazazi wake hawakujua kabisa. Walipoachana, akakubali wazazi wamtafutie mke kwa njia ya kwao, biodata mkononi, akakutana na wasichana miji mbalimbali. Moyo ukawa bado uko kwa yule wa kwanza. Mwishowe alilazimika kuwaambia wazazi ukweli. Waliumia, lakini nyumba haikubomoka. Miaka miwili aliogopa kitu ambacho kilipotokea kilikuwa mazungumzo magumu ya sebuleni.

NA HAPA KWETU?

Sisi walimu wa kujitolea vijana wanatuambia mengi, maana umri wetu hauko mbali na wao. Tutasema bila kumtaja mtu.

Kuna binti aliyechoka kuulizwa na wageni wa baba yake, akasema ana mchumba Australia. Alitaka tu amalize Senior 4 kwa amani. Neno likatoka nyumbani likafika bombani, kutoka bombani likafika kanisani. Baada ya miezi mitatu mama yake alikuwa anakopa sukari na mafuta dukani, anasema mkwe atatuma. Mkwe hayupo! Binti anaona deni linapanda, na kila siku kusema ukweli kunakuwa kugumu kuliko jana.

Kuna kijana aliyempenda msichana wa kabila jingine. Akaogopa, akawaambia wazazi amepata msichana wa kwao, anaishi kambi nyingine. Baba akaanza kutafuta watu wa kupeleka posa. Wazee wakachanga nauli. Mtafika wapi, na mtagonga mlango wa nani?

Na wazazi nao, tusiwaache. Tunawajua waliowapigia simu jamaa nje wakisema mtoto wao ni daktari wa hapa kambini, na mtoto mwenyewe anajitolea kubeba maboksi ya dawa. Tunawajua waliomwongezea binti miaka ili aonekane ameiva kwa ndoa. Ile biodata ya Wahindi sisi hatuna karatasi yake, lakini tunaiandika kwa mdomo kila siku.

Ukitazama vizuri, hawa wote wamekosa neno moja dogo, neno "bado". Katika nyumba nyingi mtoto ana majibu mawili tu akiulizwa ndoa: ndiyo, au ukaidi. Akisema "bado, nasoma kwanza", wanamwambia kiburi. Akisema "bado, namtafakari huyu niliyempenda", wanamwambia amepotea. Neno "bado" likikosa nafasi ndani ya nyumba, uongo unaingia kwa niaba yake. Yule mchumba wa Australia ni "bado" iliyovaa suti.

MAMBO MAWILI YASIYOCHEKESHA

La kwanza ni umri. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema mwanamume na mwanamke wanaweza kuoana wakiwa wametimiza miaka 18. Chini ya hapo hakuna uchumba wa kujadili, wa kweli wala wa uongo. Mkiona mtoto anasukumwa, waambieni wahusika wa ulinzi wa watoto mapema.

La pili ni faili. Katika sinema watu wanajifanya wachumba, wanacheka, mwisho wanaoana. Katika maombi ya kwenda nchi ya tatu haiko hivyo. Tumesikia watu wakishauriana mtu aongezwe kwenye kadi ya familia kama mke au mume, hata kama si kweli, ili wasafiri pamoja. Mume na mke huweza kuhojiwa kila mmoja peke yake, na majibu yanalinganishwa. Ikigundulika, faili la nyumba nzima linaweza kusimama, pamoja na la wazee na la watoto wasio na kosa. Na kama kweli umeoa, umeolewa, umezaa au umeachana, peleka taarifa yenyewe ilivyo, usingoje siku ya mahojiano. Kumbukeni pia kwamba huduma hizo zote ni bure. Anayekuuzia mchumba wa faili anakuuzia shida.

TUFANYEJE BASI?

Tunawashauri wazazi kwa heshima, maana ninyi ni wazazi wetu.

Msiulize habari za ndoa mbele ya wageni. Jess alikwama kwa sababu sebule ilikuwa imejaa shangazi. Nyumba zetu hapa ni karibu karibu, ukuta unasikia, jirani anasikia. Ulizeni shambani mkipalilia, au njiani mkitoka kuchukua mgao. Mtu anayetembea pembeni yako husema mambo ambayo hawezi kuyasema akitazamwa usoni.

Nendeni mkaone wenyewe. Siku moja baba yake Jess alikwenda kimya kimya uwanjani kutazama mechi. Aliona mtoto anavyocheza, akaona pia anavyotukanwa. Tangu hapo alikuwa anazungumza juu ya mtoto aliyemwona kwa macho yake. Kama binti anasema anasoma, fika shuleni siku moja. Kama kijana anasema anampenda msichana fulani, ulizia watu wa nyumba ile ni watu gani, kabla ya kuuliza ni kabila gani.

Na waambieni watoto yale yaliyowaumiza. Baba yule alinyamaza na kriketi yake miaka mingi, na binti akadhani baba ni mkali tu. Mtoto akijua unaogopa nini, atajua pia namna ya kukutuliza.

Vijana wenzetu, na ninyi mna sehemu yenu.

Tafuteni mtu mmoja wa kwanza wa kuambiwa ukweli. Si lazima aambiwe ukoo mzima siku moja. Katika nyumba nyingi yupo mmoja mwenye sikio: baba, bibi, mjomba, shangazi, kaka mkubwa. Mkimpata huyo, yeye atajua siku na namna ya kuwaambia wengine. Kwetu jambo la ndoa halikuwahi kwenda bila mshenga, basi hata "bado" inaweza kuwa na mshenga wake.

Kama uongo umeshatoka, urudisheni ungali mdogo. Yule binti wa mchumba wa Australia, tunamwomba asome hapa: deni la sukari la miezi mitatu linalipika, la miaka mitatu litakuuza. Nenda na mtu anayeheshimiwa, mchungaji, sheikh au mwalimu, ukaseme. Watakasirika. Watasema maneno. Kesho yake asubuhi mtachota maji pamoja.

Na mkisema "bado", semeni bado mpaka lini na kwa ajili ya nini. Jess hakusema hataki kuolewa kamwe. Alisema ana chuo, ana mahali, ana ufadhili. Mzazi anashikwa na hofu akiona mlango umefungwa. Mwonyesheni dirisha.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Kama Jess angenyamaza baada ya Tony kusema, mambo yangekuwaje baada ya mwaka mmoja?
2. Wazazi: ni jambo gani mlilikatazwa au mlifukuzwa ujanani, ambalo watoto wenu hawajawahi kulisikia?
3. Vijana: nani ndani ya ukoo wenu ni mtu wa kwanza wa kuambiwa? Kwa nini yeye?
4. Katika nyumba yenu, mtoto akisema "bado", anajibiwaje?

Jioni moja baada ya chakula zisomeni kwa sauti, kila mtu ajibu, hata wadogo. Msigombane kwa swali la kwanza mkashindwa kufika la nne.

Anayetaka kuandika maoni yake ampe mwalimu yeyote wa kujitolea wa eneo lake, tutayaweka hapa bila jina. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutakuja na sinema nyingine. Mpaka hapo, tunawatakia amani nyumbani, na chapati za sura yoyote ile.

Sisi wenu, walimu wa kujitolea wa ukurasa wa Sinema na Familia.